"Have your cake and eat it", keki ni yangu kwanini nisiile?

Mpenda Lugha
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Jana nilimwandikia bosi kumwomba nipunguziwe masaa ya kazi ila mshahara ubaki vilevile, akanijibu kwa kizungu "you can't have your cake and eat it". Kwamba amekataa nimeelewa, ila sentensi yenyewe haiingii akilini kabisa. Nikiitafsiri napata "huwezi kuwa na keki na kuila", sasa jamani mtu anakulaje keki ambayo hana? Si lazima uwe nayo kwanza ndo uile? Nimeigeuza geuza usiku kucha, anayejua ilikotoka anifumbue macho.

Kalamu Nyekundu
Mkuu swali zuri sana na hauko peke yako, hata wenye lugha yao inawasumbua. Shida iko kwenye "have". Shuleni tulikaririshwa ni "kuwa na" basi, lakini hapo maana yake ni kubaki na kitu, kukitunza. Sasa soma tena: huwezi kuila keki halafu utake bado iwepo kwenye sahani. Ukiila imeisha, ukiitunza hujaila.
Kingine ni mpangilio wa maneno. Zamani ilizoeleka kinyume, kula kunatangulia, yaani "eat your cake and have it". John Heywood alipochapisha methali za kiingereza mwaka 1546 aliiweka hivyo. Ukianza na kula fumbo linafunguka lenyewe, huu wa kuanza na "have" umekuja kushika kasi karne ya 20 na ndo unaotutesa.

Msoma Barua
Nikuongezee hapo Kalamu, kuanza na "have" nako ni kwa zamani sana. Ipo barua ya 1538, Thomas Howard yule Duke wa Norfolk akimwandikia Thomas Cromwell, mtu mzito wa serikali ya mfalme Henry VIII, na humo "have" imetangulia. Kwahiyo zote mbili zina umri wa karibu miaka 500, ila ya kula kwanza ndo iliyotamba muda mrefu.

Jicho Kali
Huo mpangilio ulishawahi kusaidia kumnasa mtu. Marekani kulikuwa na Ted Kaczynski, alituma na kutega mabomu kuanzia 1978 mpaka 1995, akaua watu 3 na kujeruhi 23, na FBI hawakujua ni nani. Mwaka 1995 andiko lake refu likachapishwa na Washington Post, ndani kaandika "you can't eat your cake and have it too", ule mtindo wa zamani ambao watu wengi walishauacha. Mdogo wake David akaanza kushtuka na namna ya uandishi, zikapelekwa barua za zamani za familia zikalinganishwa, na msemo ukakutwa vilevile kula kwanza. Haikuwa ushahidi pekee, ila ilichangia, na Aprili 1996 akakamatwa kwenye kibanda chake Montana. Mimi kila nikiikumbuka hii naona kabisa jinsi mtu anavyobeba lugha yake kama alama za vidole.

Mpenda Lugha
Asanteni sana aisee, hapo kwenye "kubaki nayo" ndo nimepaona. Sasa kwa kiswahili tuseme mtaka yote hukosa yote?

Kalamu Nyekundu
Hapana mkuu, hiyo inasema utakosa vyote, wakati mwenye keki anapata kimoja. Inayokaribia ni mshika mbili moja humponyoka. Ila mimi nawapa heshima wafaransa, wao wanasema kutaka siagi na hela ya siagi, yaani umeshauza siagi, hela unayo mkononi, na siagi bado unaitaka. Hapo hata mtoto haulizi mara mbili. Ukitafsiri ya kiingereza achana na "kuwa na", andika "huwezi kuila keki yako na bado ikabaki".