Ampli ya besi wati 20: nifanye aje isikike ku repetisio bila kukwaruza?

besi_ya_himbi (Goma)

Jambo ba yaya na ba ndugu bote. Niko na ampli ndogo ya gita ya besi, wati 20, spika moja ya inchi 8, ile ya kujifunzia ku nyumba. Mu chumba iko muzuri, sina neno. Shida inaanzaka ku repetisio ya kwaya, juu kule kuko dramu, gita ya solo, gita ya akompa (ya kufuatisha), kinanda na ba muimbaji, na mwenye dramu anapigaka na nguvu yake yote, sasa nikipitisha volimi katikati sauti inaanza kukwaruza, noti za chini za kamba ya Mi zinafanya spika inapigapiga, na hata hivo mwenye kuongoza kwaya anageuka ananiuliza "besi iko wapi?" Nilifungua butoni ya besi mpaka mwisho juu ya kutafuta nguvu, hapana, ndio inazidi kuharibika.

Distoshoni siitafute hata kidogo. Nataka sauti safi ya rumba, noti imejaa, kila moja inasikika peke yake hata sebene (ile sehemu ya gita na kucheza) ikianza. Makuta ya ampli kubwa haiko kwa sasa. Rafiki mumoja anasema nitafute pedali ya busti, mwingine anasema nibadirishe spika. Ninyi munasemaje?

fundi_kadutu (Bukavu)

Mudogo, busti acha kwanza. Busti inaongeza nguvu ya kile kinachoingia mu ampli, lakini kinachotoka kinabakia wati 20 zile zile, kwa hiyo utafika ku kukwaruza mapema zaidi kuliko sasa. Inasaidia paka kama gita yako inatoa sauti dogo sana na masta (volimi ya mwisho) ikifunguliwa yote bado ampli haijashiba. Yako imeshashiba.

Angalia hiyo butoni ya besi, ndio inakula ampli yako. Kila ukiongeza desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti) unaomba ampli wati mara mbili. Ukiongeza 12, unaomba mara 16! Ampli ya wati 20 itatoa wapi? Halafu noti ya Mi ya wazi iko hezi 41 (mitikisiko 41 kila sekunde), ile spika ya inchi 8 ndani ya kasanduku kadogo haiwezi kuitoa kwa nguvu, koni inaenda mbele na nyuma sana bila sauti ya maana kutoka, na hiyo njo kupigapiga unasikia. Wati zinaisha kwa kitu chenye hakuna mutu anasikia.

Fanya hivi: butoni ya besi irudishe katikati ao hata chini kidogo, midi (sauti za katikati) uipandishe. Sikio la mutu likisikia hezi 82 na 123, ile migawanyo ya juu ya Mi, linaelewa lenyewe kama ni Mi, hata kama ile 41 ni ndogo sana. Nguvu yako yote ipeleke kati ya hezi 100 na 800 hivi, pale spika yako inaweza kazi. Ukiwa peke yako mu chumba utaona sauti imekuwa nyembamba, utataka kurudisha besi, usirudishe. Ihukumu na dramu ikipigwa, hapana peke yako.

Na gaini (volimi ya kuingilia): piga kamba na nguvu yako yote ya siku ya ibada, kama inakwaruza rudisha gaini mpaka iwe safi, ndio upandishe masta. Kama gita yako iko na pili (betri) ndani na ampli iko na mashimo mawili, ingiza ku lile la gita zenye pili, lile lingine linajaa haraka.

kinanda_nguba (Bukavu)

Naongeza kwa mahali ya kuiweka, juu hii ni bure na watu wanaisahau. Usiiweke juu ya kiti katikati ya chumba. Iweke chini ku sakafu, mugongo karibu na ukuta, ao mu kona kabisa. Wimbi la hezi 41 liko na urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo ukuta na sakafu vinarudisha zile noti za chini mbele badala ya kuziacha ziende pande zote, na kila ukuta unaweza kukuongezea mpaka desibeli 6 pale chini bila kutumia wati hata moja. Na sasa juu kona inakupa besi ya bure, ile butoni ya besi unaweza kuirudisha zaidi tena na wati zote ziende ku midi kama yaya fundi anasema.

Lakini uinamishe kidogo iangalie juu. Sauti za juu za spika zinaenda mbele moja kwa moja, ampli ikiwa ku miguu yako magoti ndiyo yanasikia, wewe hapana, kisha unapandisha bila sababu.

lushi_kamalondo (Lubumbashi)

Bon, kona nakubali lakini iko chumba na chumba. Ku ukumbi wa sima tupu bila pazia, kona inafanya noti zote za chini zinaunguruma pamoja na huwezi kutenganisha La na Si. Ikiwa hivo, sogeza kwa ukuta mumoja tu, mbali na kona.

Mi naona watu wanahesabu sana wati na wanasahau ukubwa wa kile kinachosukuma hewa. Siye huku Katanga tuko na karindula, ni chombo cha muziki cha kamba, pipa ya mafuta iliyofunikwa ngozi ya mbuzi, haina moto wala wati, na inapigwa inje mu kiwanja na batu banacheza, juu ngozi ni kubwa. Angalia pia ampli ya besi Ampeg B-15, ilitoka 1960, wati 25 tu, lakini spika yake inchi 15 na sanduku limepimwa vizuri, ba mupiga besi wakubwa wa Marekani waliifanyia kazi miaka mingi mu studio na mu ba klabu. Wati zake ni karibu sawa na zako ndugu!

Kwa hiyo ile swali ya spika iko na maana. Spika inaandikwaka desibeli ngapi inatoa kwa wati 1 ku mita 1. Kama yako inatoa 88 ukapata ya 94, wati zako 20 zinasikika kama 80. Lakini spika nzuri ya inchi 10 ao 12 inataka sanduku lake, kuibana mu kasanduku ka ampli yako ni kupoteza makuta.

Kitu kingine ni pedali ya kompresa. Unapopiga, mwanzo wa noti unaruka juu sana kisha noti yenyewe iko chini, na ni ule mwanzo ndio unakwaruza. Kompresa inausawazisha, ndio unaweza kupandisha vyote bila kugonga mwisho. Kama utanunua pedali moja, nunua hiyo, busti hapana. Na kama iko na sehemu ya kukata sauti chini ya hezi 40, ikate bila kuogopa. Vidole vilevile: piga polepole karibu na briji, noti inakaa na inasikika, acha ampli ifanye kazi.

Na mwambie mwenye akompa apunguze zile kamba zake mbili za chini, na kinanda aache mukono wa kushoto. Besi nyingi zinapotea pale, sio mu ampli.

kinanda_nguba (Bukavu)

Hiyo ya mukono wa kushoto ni kweli kabisa, kwetu tulikubaliana ba kinanda wote, wimbo wenye besi mukono wa kushoto unapumzika.

besi_ya_himbi (Goma)

Aksanti sana ba yaya! Nimejaribu leo, besi chini, midi juu, ampli ku sakafu mugongo kwa ukuta. Tofauti iko kubwa, kupigapiga kumeisha na ba alto banasema sasa banasikia noti. Dramu ikiingia na nguvu ndio bado napotea kidogo.

Maswali mawili. Nyuma ya ampli kuko shimo la spika ya inje, imeandikwa "omu 4 kwa uchache", na spika ya ndani ni omu 8 (omu ni kipimo cha vile spika inazuia umeme). Rafiki iko na bafle (sanduku la spika) ya inchi 12, omu 8. Naweza kuunga? Ya pili, mangaribi umeme ukishuka naona ampli inakwaruza mapema zaidi kuliko muchana, ni mimi ao ni kweli?

fundi_kadutu (Bukavu)

Ni kweli, hapana wewe. Ampli ya transfo ya zamani, umeme ukishuka toka volti 220 mpaka 180, nguvu inashuka zaidi ya vile watu wanafikiri, wati 20 inabakia kama 13. Pima prizi na mita mangaribi. Kama iko hivo, stabilaiza itakusaidia kuliko pedali yoyote. Na ukitumia inveta ya bei chini, ile isiyotoa wimbi la mviringo, transfo italia mmmm mu spika, usifikiri ampli imekufa.

Bafle: omu 8 na omu 8 sambamba zinakuwa omu 4, na ampli yako inakubali 4, unga. Ukiwa na bahati, transfo ikitosha, unaweza kupata mpaka desibeli 6, na hiyo inchi 12 ndiyo itakupa ile sauti ya kujaa unatafuta. Lakini uhakikishe mambo mawili. Kwanza, ile shimo isizime spika ya ndani, ampli zingine zinafanya hivo, hapo unabakia na bafle peke yake, hata hivo utapata faida. Pili, bafle ikiwa omu 4, usiunge pamoja na ya ndani hata kidogo, itakuwa chini ya omu 3 na chipu ya nguvu ndani ya ampli itachemka. Baada ya nusu saa gusa bati ya nyuma, kama mukono hauwezi kukaa pale, zima.

Na mafundi wakikuambia watoe chipu ya TDA2030 waweke TDA2050 juu ya kupata wati nyingi, kataa. Miguu ni sawa, inaingia, lakini volti za transfo ni zile zile na wati zinabakia zile zile.

Siku ya ibada usihangaike na hii yote. Kanisa iko na sono (mashine kubwa ya sauti)? Toa waya ku shimo la laini nyuma ya ampli mpaka mikseri, ampli ikae karibu yako ya kujisikia tu. Kama haina shimo la laini, la kaske (spika za masikio) linaweza, ila mara nyingi linazima spika, ni kujaribu kabla ya watu kufika. Ukisikia mngurumo kati ya ampli na mikseri, weka DI (kasanduku ka kuunga ampli na mikseri) yenye kifungo cha kukata ardhi, usikate waya wa ardhi ku prizi, hiyo inauaga watu.

besi_ya_himbi (Goma)

Bafle naichukua juma mosi. Ile ya prizi nimeelewa, kesho namuambia mwenye sono wetu, juu yeye ameshakata.