Naomba ushauri: mwanzilishi ajenge jina lake kwanza, au bidhaa?

Wakuu, habari za saa hizi. Bidhaa yetu ni programu ya simu ya kutunza daftari la madeni kwa wenye maduka ya mtaani, haijakamilika. Mwanzilishi mwenzangu anataka tuanze na jina lake: video tatu kwa wiki TikTok na makala LinkedIn, miezi sita, ndipo tuzindue.

Mimi nasita: LinkedIn utawapata waanzilishi wenzako na watu wa mitaji. Mangi wa dukani yuko WhatsApp. Halafu ukurasa ukiwa wa mtu binafsi, siku akijitoa anaondoka na wafuasi wote.

Lakini bila sura ya mtu anayeaminika, nani ataingiza madeni ya wateja wake kwenye programu asiyoijua? Hapo ndipo nakwama.

Nafikiria video fupi za kufundisha kufunga hesabu za siku, kila moja ikiishia na namba ya WhatsApp iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Tuhesabu maduka yanayokubali kujaribu. “Likes” hazilipi kodi. Yasipofika 20 kwa wiki nne, tunaacha kurekodi, tunazunguka maduka ya Manzese, Dar es Salaam, kwa miguu.

Kipimo hicho kinatosha? Na umiliki wa ukurasa mnauandikaje kwenye mkataba wa waanzilishi?