Mafunzo ya ganzi ya neva nje ya nchi: swali kutoka Dodoma

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wenzangu habari za kazi.

Mimi ni daktari wa usingizi na ganzi hapa Dodoma, na nimemaliza shahada ya umahiri. Akina mama wanaojifungua kwa upasuaji ninawapa ganzi ya mgongo, lakini majeruhi wa bodaboda waliovunjika mkono au mguu wengi wao bado ninawapa nusu kaputi. Ninataka kujifunza kwa kina ganzi ya neva inayoongozwa na ultrasaundi. Nimepata nafasi ya wiki chache ya kutazama kazi katika hospitali moja ya Uingereza, kwa ada ya kujilipia mwenyewe. Je, niichukue, au ipo njia iliyo bora zaidi?

Daktari wa Makole

*

Marahaba mdogo wangu, na Mbukwenyi nyote.

Ushauri wangu ni kwamba usitoe fedha zako kwa nafasi ya kutazama. Ganzi ya neva ni kazi ya mkono, na hapa Uingereza daktari ambaye hajasajiliwa na GMC, yaani baraza la madaktari la huku, haruhusiwi kumhudumia mgonjwa. Utasimama nyuma ya wenzako, utaiona picha kwenye skrini, kisha utarudi nyumbani ukiwa na cheti, huku mkono wako ukiwa haujaongeza lolote.

Chukua mfano wa ganzi ya kwapani, ambayo kwa majeruhi wako wa kiganja na kigasha ndiyo ningeanza nayo. Kwenye skrini utaiona ateri ikidunda, na kandokando yake neva zenye vitundu kama masega ya asali ya Manyoni, isipokuwa moja iliyojitenga kuelekea kwenye msuli. Ukikikandamiza mno kile kifaa cha ultrasaundi, vena hubanwa zikapotea machoni, nawe unaweza kudhani njia ni nyeupe kumbe ncha ya sindano imo ndani ya mshipa wa damu. Ndiyo maana mwalimu husimama begani kwako akikuhimiza ulegeze mkono, uvute bomba kwanza kuangalia kama damu inarudi, kisha usukume dawa mililita chache chache huku ukiitazama inavyosambaa. Jambo hilo halifundishiki kwa kutazama tu.

Njia ninayoiamini zaidi kwa daktari wa nyumbani ni MTI, mpango wa mafunzo ambao kwa upande wetu husimamiwa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha London. Mpango huo humruhusu daktari wa nje kufanya kazi na kujifunza kwa muda usiozidi miezi 24, akiwa amesajiliwa, na mara nyingi hulipwa na hospitali inayompokea. Anayedhaminiwa na chuo hicho hahitaji kufanya PLAB, mtihani wa usajili wa madaktari waliosomea nje, ila lazima athibitishe Kiingereza chake: kwa IELTS, mtihani wa lugha hiyo, ni wastani wa 7.5 bila alama yoyote kushuka chini ya 7.0. Muda ukiisha unarudi nyumbani, na mimi naona hilo ni jema, kwa kuwa wagonjwa unaotaka kuwatibu wako huko. Marekani mafunzo ya namna hii ni ya mwaka mmoja, lakini kwa kawaida yanamtaka mtu aliyekwisha kupata ubingwa huko huko au Canada. Angalia pia nafasi za WFSA, shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa usingizi, ambazo hulenga hasa madaktari wa nchi zenye kipato kidogo.

Ukifika, usikimbilie kujua kila aina ya ganzi. Mwaka 2020 wataalamu walipendekeza katika jarida la Anaesthesia ganzi saba za msingi ambazo kila daktari wa usingizi anapaswa kuzimudu. Zinahudumia bega, mkono, paja, goti, kifundo cha mguu, kifua na tumbo. Mwombe msimamizi wako uzifanye hizo hadi zikukae mkononi, na kila moja uiandike kwenye daftari la kazi siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la usalama, nami naomba ulifanyie kazi hata kabla hujasafiri. Kwa mgonjwa wa kilo 60, ukichukua kikomo cha bupivakaini, dawa ya ganzi, cha miligramu 2 kwa kilo, unapata miligramu 120, yaani mililita 24 tu za dawa ya asilimia 0.5. Dawa ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, mgonjwa anaweza kupata degedege na moyo ukasimama. Tiba yake ni emulsheni ya mafuta ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo kwa kuanzia, ambayo kwa mgonjwa huyo ni mililita 90. Iulizie famasia ya hospitali yako. Kama haipo, anza kuidai sasa.

Kaka yako wa Leeds

*

Ninamuunga mkono kaka. Mume wangu ni daktari, na kabla hatujahama wakala mmoja alimtoza fedha nyingi kwa nafasi ya kutazama ya aina hiyo hiyo, ambayo GMC haikuihesabu popote.

Kuhusu makaratasi, anza na uhakiki wa shahada yako ya kwanza kupitia EPIC, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki vyeti vya madaktari, kwa sababu huko ni lazima chuo chenyewe kijibu, na majibu huchelewa. Afadhali uende mwenyewe kwa msajili ukafuatilie. Barua ya hadhi njema kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika iombe mwishoni, maombi mengine yote yakiwa tayari, kwa kuwa GMC huikubali kwa miezi mitatu tu tangu ilipotolewa.

Dada wa Birmingham