Naomba ushauri: jirani anajenga ukuta, njia inakufa

Wakuu, habari za leo. Nina kiwanja Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, nilinunua 2014 kwa hati ya mauziano tu, enzi hizo mikorosho mitupu na vijia kila upande. Sasa mji umetufikia, kila mtu anavuta ukuta mpaka mwisho wa eneo lake. Jirani wa mbele ameshachimba msingi. Nitabaki na kichochoro cha bodaboda, gari la kunyonya choo halipiti. Kariakoo, katikati ya jiji ambako mitaa ilipangwa, mtaa mmoja ukifungwa unakata kona ya pili, huku ukifungiwa ndiyo basi! Anasema akiacha mita 3 tumlipe fidia. Tuchange majirani, au nianzie baraza la ardhi la kata? Mliochonga barabara kwa makubaliano, mliandikishana vipi?