Palampur mwezi wa 12 na mama: chai na mahekalu, tutaona kitu kweli?

mwanafunzi_chd
Wakuu habari za jioni. Mama anakuja kunitembelea huku Chandigarh, India, likizo ya Krismasi na ameshaniambia kabisa hataki kuzungushwa madukani, anataka milima. Mwanafunzi mwenzangu mtu wa Himachal, jimbo la milimani huku kaskazini, kanitajia Palampur, anasema mji uko mita kama 1,200 hivi, mashamba ya chai yameuzunguka, mahekalu ya zamani hayapo mbali na safu ya Dhauladhar imesimama hapo nyuma na theluji yake. Sasa, hiyo chai Desemba ipo au namtesa tu mzazi? Af sisi Wakristo, mahekaluni tunaingia au tunaishia getini? Mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Tuna siku nne tu, tukae Palampur zote au tuchanganye na McLeod Ganj, ule mji wa Watibeti huko huko milimani?

BintiLushoto
Shikamoo yangu imfikie mama. Chai mtaiona lakini haichumwi, baridi ikishaanza mchai unalala mpaka karibu na mwisho wa Machi, na huo ndio muda wanapogoa, kwa hiyo mtakuta mashamba ya kijani yamekatwa juu kama meza, njia zimepita katikati na hakuna mtu mwenye kikapu mgongoni. Kiwandani nako msitegemee kuona mashine zinasokota majani. Kama shida yenu ni mchumo njooni Aprili, chai ya mchumo wa kwanza ndiyo wanayoigombania. Ila Desemba ina raha yake, anga inakuwa safi milima unaiona yote, sio Julai na Agosti, mvua ya kule usiombe, unaweza kukaa siku nzima chini ya Dhauladhar na usijue kama kuna mlima.

Na mwambie mama mapema chai ya Kangra, yaani ya hilo bonde la Palampur, sio hii yetu ya kukoza na maziwa. Ni mchai wa Kichina, miche ililetwa bondeni na Dk. William Jameson mwaka 1849, majani wanayasokota mazima hawayasagi, kikombe kinatoka rangi ya dhahabu hivi na harufu ndiyo kila kitu. Ukitia maziwa umeiua. Zamani ilikuwa na jina kubwa sana halafu likaja tetemeko la tarehe 4 Aprili 1905, watu karibu 20,000 walikufa, viwanda vikalala chini na Waingereza wengi wakauza mashamba wakaondoka, ndio maana mpaka leo mengi ni vipande vidogo vya wenyeji. Siku hizi jina linalindwa kisheria, India tangu 2005 na Umoja wa Ulaya tangu 2023, kwa hiyo ukinunua angalia pakiti imeandikwa Kangra, usichukue majani ya kupimiwa tu barabarani.

kaka_wa_jalandhar
Mkuu mahekaluni mnaingia bila shida, hakuna anayekuuliza dini. Viatu mnaviacha nje, mavazi ya heshima, mama awe na mtandio, na kule ndani kabisa kwenye chumba cha mungu wao simu unaiweka mfukoni.

Mimi kwa mama mwenye magoti ningeanza na hekalu la Baijnath, kilomita kama 16 kutoka Palampur na lipo pembeni tu ya barabara kuu, hakuna kupanda mlima. Lilijengwa mwaka 1204 na wafanyabiashara wawili ndugu, Manyuka na Ahuka, habari zao zimechongwa kwenye mawe humo humo ndani, na tetemeko la 1905 liliacha jengo limesimama ukilinganisha na yaliyopata majirani zake. Ni la Shiva, mungu wa Wahindu, kama bwana wa matabibu so watu wanaleta shida zao za magonjwa. Kaa kidogo karibu na yule ng'ombe dume wa jiwe, Nandi, kipando cha Shiva, uone watu wazima na suti zao wanavyoinama kumnong'oneza sikioni. Kitu kingine, sikukuu ya Dussehra India nzima wanachoma sanamu za Ravana, yule mfalme wa mashetani wa hadithi zao, Baijnath hawachomi, wanasema alikuwa mcha Shiva mkubwa. Chukueni soksi nzito, yale mawe asubuhi ya Desemba bila viatu ni barafu.

Chamunda Devi nayo ipo upande wa kwenda Dharamshala, kando ya mto. Jwalamukhi ya moto unaotoka kwenye mwamba (ni gesi ya asili) ni nzuri ila mbali na ina kupanda, mwacheni mama.

mlachapati
Palampur mtaboreka, saa mbili usiku mji umelala. Nendeni McLeod Ganj kuna Watibeti, momo (vile vitumbua vyao vya unga vyenye nyama au mboga ndani), watu.

BintiLushoto
@mlachapati si kasema mama hataki madukani jamani 😂 na zile barabara za McLeod za kupanda na kushuka Krismasi zinajaa magari mpaka kero. Lala Palampur siku zote, siku moja kodi teksi mkamalize McLeod mrudi, njiani mnapitia Chamunda. Na kama ni Watibeti, kuna monasteri ya Tashi Jong kati ya Palampur na Baijnath, kimya, tambarare, mama atafurahi.

mwanafunzi_chd
Asanteni sana, McLeod itakuwa ya kupitia tu basi. Usafiri je? Nimesikia kuna treni ndogo inapita kwenye bonde.

kaka_wa_jalandhar
Ipo, reli nyembamba ya tangu 1929, Pathankot mpaka Joginder Nagar kilomita 164, ila daraja la Chakki lilisombwa na mafuriko Agosti 2022 kwa hiyo ulizia kwanza kipande gani kinatembea kabla hujampa mama ahadi. Mimi ningepanda basi la serikali ya Himachal kutoka stendi ya Sekta 43 hapo Chandigarh, masaa kama saba, la mchana sio la usiku, na mama akae mbele maana kona ni nyingi. Hoteli usilipie kabla hujauliza kama chumba kina hita, vingi havina, watakupa razai, lile blanketi lao zito la pamba. Omba mawili.