Naombeni ushauri: taa gani ya bei rahisi kupigia picha chupa za mawese? Niko Kigoma

Mtoto wa Mwanga: Wakuu habari za jioni. Kuna mama kanipa kazi nimpigie picha chupa zake za mawese arushe wasap, sasa napiga kwa simu mafuta yanatoka meusi kama oili chafu, nikiwasha flashi ndo balaa, doa jeupe katikati ya chupa. Ninunue taa gani? Anazitaka keshokutwa.

Fundi Mstaafu: Usinunue kitu. Chupa weka pembeni ya dirisha, pazia liwe shuka jeupe. Kata kipande cha foili umbo la chupa, kiwe kidogo kuliko chupa, kifiche nyuma yake ukilaze laze mpaka kirudishe mwanga ndani ya mafuta. Utaona mekundu yanawaka yenyewe. Na mawese yakiganda mwanga haupiti, loweka chupa kwanza kwenye maji ya moto kiasi. Simu iegemeze kwenye mfuko wa mchele, tumia taima ya sekunde 2 mkono usitikise.

Dada Gungu: Mfuko wa mchele unafaa kweli, nilipigia migebuka hivyo pale Kibirizi. Shida paka. Nageuka kidogo tu samaki mmoja hayupo, mwenye nayo mpaka leo hanisalimii 😂

Mzee Kanzu: Kijana, kazi ya biashara unapiga na simu, kamera huna?

Mtoto wa Mwanga: Sina mzee wangu. Ila nilimwambia ninayo. Na advansi yake elfu 80 nimeshaagiza ringi laiti (ile taa ya duara) Dar iko njiani na basi, msinihukumu, ile taa ni mtaji hata harusi nitapigia.

Dada Gungu: Sasa unauliza taa ya nini na umeshanunua??

Fundi Mstaafu: Na hiyo itakuchorea duara kwenye chupa, mafuta yavae pete.

Mzee Kanzu: Hela ya mtu ni amana. Mwambie ukweli mapema.

Mtoto wa Mwanga: Nitamwambia picha zikitoka nzuri. Hata mwanga wa jua nimejaribu jana kule ziwani, saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama, kiza tupu.

Mla Dagaa: Ngoja. Kigoma ipi hiyo jua linazama saa kumi na mbili na nusu? Huku saa moja kasoro bado linakupiga usoni. Huyu yuko Dar anatunga.

Mtoto wa Mwanga: Kuna milima ya Kongo ng'ambo inaliziba mkuu.

Mla Dagaa: Milima inakula dakika chache, si nusu saa. Weka picha ya chupa tuone.

Mtoto wa Mwanga: Bando limeisha.

Mla Dagaa: 😂😂 na hii umetumia nini kuandika?

Dada Gungu: Mwacheni. Mimi nimejaribu foili na chupa ya asali ya mama, jamani imewaka kama taa ya kandili. Fundi ubarikiwe. We Mtoto wa Mwanga, huyo mama wa mawese kama yupo kweli dumu la lita 5 anauzaje?