Tupeane uzoefu: vidonge vya hospitali na chupa ya mizizi, nani aliwahi kuchanganya?

Mkanaledi_Kwetu (mleta mada): Wadau, salaam. Jana nimeshuka stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara nikamkuta yule jamaa wa kipaza sauti na chupa zake: presha, sukari, ngiri, nguvu za kiume, mpaka mume aliyehama nyumba. Nikacheka. Kufika nyumbani nainama kutafuta ndala uvunguni mwa kitanda cha mama, chupa ile ile, imebaki nusu! Mama ana presha mwaka wa sita huu na vidonge anameza kila asubuhi. Namuuliza, ananijibu, "Hiyo ya kusaidizia tu, mwanangu." Mnaishije na wazee wa namna hii?

Mzee_wa_Mingoko: Pole mkuu. Kusini hii kila mzee ana chupa uvunguni, asiye nayo kaificha stoo ya korosho.

Binti_Newala: Umenikumbusha kitu nisichopenda kukikumbuka. Mama yangu ana sukari, anatumia metformini na glibenklamaidi. Akatokea shoga yake wa kikoba na unga wa uwatu, ndani kuna na mizizi ambayo mpaka leo hatuijui. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Wiki ya kwanza kipimo kikashuka, mama akawa anatamba mtaa mzima. Akaongeza vijiko.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Newala mwezi wa saba mnaijua baridi yake, asubuhi tunatoka na mablanketi. Naamka namkuta mama kakaa barazani analowa jasho kama yuko bandarini Mtwara saa nane mchana. Namwamkia, ananiita jina la marehemu dada yake. Kisha akaanza kutukana, na mama yangu hatukani. Kaka akasema moja kwa moja hili jini, akakimbia kuita wazee. Ndani ya nusu saa udi unafuka, watu na kanzu zao wanasoma, mwingine analeta bakuli la kombe anywe. Mimi nashika miguu, nalia. Macho yakageuka, akalegea.

Aliyemwokoa ni jirani, nesi mstaafu, kaja na khanga mbili na kile kipimo chake cha kutoboa kidole. Sukari 1.8, imeshuka mno! Akapiga kelele, "Mtu asimpe kitu mdomoni, atapaliwa! Leteni bajaji!" Hospitali wakamtundikia dripu ya glukosi. Haikuchukua muda akafumbua macho, akamtazama kaka, akauliza, "Mbona umevaa kanzu, nani kafa?"

Tulidhani ndiyo tunarudi naye. Daktari akakataa, akamlaza siku mbili. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala, na inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari inaweza kushuka tena dripu ikitoka. Uwatu nao unashusha. Viwili vilimshukia mama mmoja.

Chikongola_Boy: Dah. "Nani kafa" 😂 pole dada, nacheka huku naogopa.

Korosho_Ghafi: Kaka yako bado anasema jini?

Binti_Newala: Anasema jini lilijificha kwenye sukari.

Mwana_Nachingwea: Msizipake matope dawa za asili. Hiyo dawa mseto mnayomeza kwa malaria imetoka kwenye jani la Kichina, na mama Tu Youyou akapewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Mlitaka jani gani tena?

Lindi_Mjini: Yule mama alitoa kiini kwenye jani, wakakipima, wakajua mtu ameze kiasi gani. Hakushika kipaza sauti stendi.

Mwana_Nachingwea: Sheria ya Tiba Asili ipo tangu 2002, Baraza lipo, waganga wanasajiliwa. Dharau zenu za kimjini hizi.

Lindi_Mjini: Basi muulize wa Mkanaledi cheti chake, usiniulize mimi.

Mzee_wa_Mingoko: Vijana tulieni. 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, leo mnamshangaa mama na chupa.

Tandahimba_Halisi: Mjomba wangu dawa yake ya kiuno haifanyi kazi mpaka ichanganywe na uraka, ile pombe ya mabibo. Msimu wa mabibo ukiisha kiuno nacho kinapona, sijui kwa nini.

Chikongola_Boy: 😂😂 nakazia.

Masasi_Kwanza: Mleta mada, mama aachane na vidonge, kitunguu saumu punje tatu asubuhi. Mimi nimepona.

Nesi_Mikindani: Umepima lini mara ya mwisho? Presha haiumi, ndiyo maana watu "wanapona". Tafadhali usimwachishe mama wa mtu vidonge humu. Chai ya mchaichai, tangawizi, karafuu kwenye jino bovu wakati unasubiri daktari, kujichua mafuta ya nazi mgongo ukikaza, mimi mwenyewe natumia na sigombani nayo. Hata choya inashusha presha kidogo, ila ukiijumlisha na vidonge lazima anayekutibu ajue. Nachogombana nacho ni chupa isiyoandikwa kilichomo. Siku ya kliniki mama aende nayo mkononi, na asiogope kufokewa.

Masasi_Kwanza: Atafokewa tu. Mimi nilifokewa, ndiyo nikahamia kitunguu.

Binti_Newala: Hapo umesema kweli. Mama naye alificha uwatu kwa sababu hiyo hiyo.

Korosho_Ghafi: Apishanishe masaa mawili, vidonge asubuhi, mizizi mchana. Haina shida.

Nesi_Mikindani: Dawa ya presha inafanya kazi siku nzima, ndugu yangu. Masaa mawili ya nini?

Mkanaledi_Kwetu (mleta mada): Asanteni. Nimekaa na mama leo, nimemsomea habari ya Binti Newala yote, kashtuka, kaapa hanywi tena. Nimechungulia uvunguni, chupa haipo. Namuuliza imekwenda wapi. Kasema asingeweza kuitupa, ilikuwa hela, kampa mjomba.